Waridi Lisilonukia

Siku ya mahafali mwaka jana nilisimama nje ya ukumbi na ua moja mkononi, nikimsubiri rafiki yangu atoke na joho lake. Ua lile nililinunua getini kwa shilingi elfu tano. Kwa mtu ambaye bumu limeshakata, elfu tano si hela ya kuchezea, ni milo miwili ya kantini na nauli ya daladala juu. Lilikuwa waridi jekundu, shina limenyooka kama rula, limefungwa kwenye nailoni inayong'aa na utepe wa rangi ya dhahabu. Katika kusubiri nikalipeleka puani. Halikunukia. Nikafungua nailoni kidogo, nikanusa tena. Kilichonijia ni harufu ya nailoni.

Jamaa aliyesimama pembeni yangu aliniona, akacheka: "Mwanangu, hilo ua la kupigia picha, si la kunusa."

Nimekaa na kauli hiyo mwaka mzima. Hakukosea hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma. Hoja yangu leo ni kwamba yapo mawaridi mengine kabisa, ya zamani, yanayonukia, yanayoota kwenye ndoo bovu uani kwa mabibi zetu, na tunayaacha yapotee bila hata kuyauliza jina. Na sisi tunaosomea ualimu tuna sababu ya ziada ya kuliangalia jambo hili.

Nianze na Bibi. Bibi yangu mzaa mama aliishi Ngamiani, Tanga, nyumba ya uani pana na kisima. Karibu na kisima palikuwa na mwaridi. Sisemi mzuri wa kutazama. Ulikuwa kichaka, matawi yamekwenda kila upande, miba mingi, na maua yake ya waridi iliyopauka yaliinamisha vichwa kama yanaona aibu. Lakini ukifika alfajiri kuchota maji ya kutawadhia, harufu inakupokea kabla hujaona ua lenyewe.

Kila nikifika likizo mambo yalikuwa yale yale. "Shikamoo Bibi." "Marahaba mume wangu, umekuja kunioa au umekuja kula?" Halafu ananituma nikachume mawaridi kabla jua halijapanda, kwa sababu, alisema, jua likishapanda harufu inakwenda nalo. Petali alizitandaza kwenye ungo, zikinyauka kidogo anazipanga katikati ya kanga sandukuni. Nyingine alizichanganya na asumini na rihani kwa vikuba vya harusi za mtaani. Kwa wenzangu wa bara: kikuba ni kifungo kidogo cha maua na majani yanayonukia, mwanamke hukibandika nguoni au kwenye nywele. Marashi yenyewe, yale maji ya waridi, alinunua dukani, akayatia kwenye mrashi, na siku ya maulidi kila mgeni alinyunyiziwa viganjani.

Bibi alifariki nikiwa mwaka wa kwanza. Wajomba walikaa, wakakubaliana nyumba iuzwe. Mnunuzi anajenga fremu za biashara, na uani ndiko fremu zinakokaa vizuri maana kuna barabara. Simlaumu mtu, nyumba ya urithi yenye warithi tisa haigawanyiki kwa panga. Lakini katika kikao chote kile, masanduku yaligawiwa, vyungu vikagawiwa, hata kinu kikapata mwenyewe. Mwaridi hakuna aliyeutaja. Na mimi nilikuwepo, nikanyamaza, kwa sababu niliona ni aibu mwanaume kuomba maua mbele ya wajomba.

Nilirudi wiki moja kabla ya bomoabomoa. Nilikata pingili 12, nikazifunga kwenye gazeti lililolowa, nikazitia kwenye mfuko wa salfeti, nikapanda basi la Dar. Konda akauliza, "Dogo, hizo fimbo unapeleka wapi?" Nikamjibu ni dawa. Hapo tena nilikuwa naona aibu.

Sasa, tunaposema waridi la zamani tunamaanisha nini? Wapenzi wa mawaridi duniani wana mpaka wao, nao ni mwaka 1867. Mwaka huo mkulima Mfaransa, Jean-Baptiste Guillot wa Lyon, alitoa waridi aliloliita 'La France', linalohesabiwa kuwa mwanzo wa mawaridi ya kisasa. Makundi yote yaliyokuwepo kabla ya hapo huitwa mawaridi ya zamani, hata kama ua lenyewe limezaliwa baadaye. Humo mna magalika, madamaski, mawaridi ya China, ya chai, ya Noisette na ya Bourbon.

Mawaridi mengi ya Ulaya ya zamani yalichanua mara moja tu kwa mwaka. Yale ya China yalichanua tena na tena, na yalipofika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ile ya 19, kila kitu kikabadilika. Wakulima wakaanza kuyachanganya. Mojawapo ya michanganyiko mikubwa haikufanyika Paris wala London. Ilitokea yenyewe katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii yetu, kwenye kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Wakazi walipanda miwaridi kama ua wa kuzunguka mashamba, waridi la China na damaski vikiwa bega kwa bega, na nyuki wakafanya kazi yao. Karibu na mwaka 1817 mche wa ajabu ukaonekana. Mbegu zikapelekwa Ufaransa, na kutoka hapo likazaliwa kundi zima la mawaridi ya Bourbon: petali nyingi, harufu nzito, na yanachanua zaidi ya mara moja. Mimi nasoma Baiolojia na Jiografia. Kwangu huu ni mfano bora wa somo la uchavushaji kuliko mahindi tuliyochorewa ubaoni miaka yote, na hakuna aliyewahi kunifundisha.

Tukivuka upande wa pili wa bahari, Oman, damaski bado ni riziki. Kwenye matuta ya Jabal Akhdar familia huchuma mawaridi kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, alfajiri, kama Bibi alivyosema. Petali huchemshwa, mvuke hupozwa, na matone yanayodondoka ndiyo marashi. Pwani yetu na Oman zimeoleana na kufanya biashara kwa karne nyingi, kwa hiyo mrashi wa Bibi si kitu kigeni kule. Waridi lenyewe kwao ni zao na lina heshima ya zao.

Na ua langu la elfu tano je? Ukanda wetu ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mawaridi ya kukata duniani. Naivasha, Kenya, ndiyo inayotajwa zaidi, lakini hata kwetu upande wa Arusha mashamba yapo. Mawaridi haya hukatwa, hupozwa kwenye vyumba vya baridi, hupandishwa ndege kwenda Ulaya. Soko linayapanga kwa urefu wa shina: sentimita 40, 50, 60, 70. Linauliza pia kichwa kina ukubwa gani, na kwenye chombo cha maji litakaa siku ngapi. Kwa miaka mingi waliochagua aina za kuzalisha walichagua kwa vipimo hivyo. Harufu haina rula. Haikuwepo kwenye orodha, kwa hiyo aina nyingi zikaipoteza bila mtu kukusudia.

Wanasayansi wameingia mpaka ndani ya petali. Mwaka 2015 watafiti wengi wao wakiwa Wafaransa walichapisha kazi yao katika jarida la Science, baada ya kulinganisha mawaridi mawili mekundu ya kisasa: 'Papa Meilland', linalonukia sana, na 'Rouge Meilland', ambalo halinukii karibu kabisa. Walikuta kimeng'enya kimoja, wakakiita RhNUDX1, kinachofanya kazi katika petali za lile linalonukia na ambacho kwenye lile jingine karibu kimelala. Bila kimeng'enya hicho ua halitengenezi jerenioli, mojawapo ya kemikali zinazotupa harufu ya waridi tunayoijua. Kwa hiyo si kweli kwamba kila waridi la kisasa ni bubu, na si kweli kwamba kila la zamani linanukia. Ninachosema ni kwamba kitu kisipochaguliwa kinaweza kupotea huku wote tukishangilia shina refu.

Najua mtakachosema. La kwanza: "Mashamba hayo yanaajiri watu." Ni kweli, tena yanaajiri akina mama wengi. Sitaki yafungwe. Mama anayesomesha mtoto kwa kupanga mawaridi kwa sentimita ana haki ya kuyapenda mawaridi yale kuliko mimi. Ninachouliza ni kwa nini hilo liwe waridi pekee tunalolijua.

La pili: "Waridi si letu, limeletwa." Sawa. Na mkarafuu je? Umetoka visiwa vya Maluku. Muhogo umetoka Amerika. Leo mwambie mtu wa Pemba kwamba karafuu si yake uone. Kitu kinakuwa chetu tukikilea, tukikipa kazi na tukakipa jina. Pwani waridi limepewa jina hadi likawa jina la rangi na jina la wasichana.

La tatu, analolisema zaidi rumeti wangu: "Maua hayaliwi." Huyu nimemjibu kwa vitendo. Siku ya Idi alikula biriani kwa jirani yetu wa Kizanzibari, akasifia harufu yake. Ilikuwa imenyunyiziwa marashi.

Lakini haki itendeke pande zote mbili. Waridi la zamani lina visa vyake. Ukilikata linakaa siku mbili, petali zinapukutika mezani. Huwezi kulipandisha ndege. Miba yake haina utani. Magalika ya Ulaya yanataka baridi kali ndipo yachanue, ukiyapanda Dar utapata majani tu. Kwa joto letu, ya kujaribu ni ya China, ya chai, ya Noisette na ya Bourbon. Wenzetu wa Lushoto, Njombe na Arusha, kwenye ubaridi, wana uwanja mpana zaidi.

Hapo nirudi kwenye pingili zangu 12. Nilizipanda kwenye makopo ya rangi niliyotoboa chini, mchanga nusu, mboji nusu. Kila pingili ilikuwa na unene wa penseli na urefu wa kalamu, ina macho manne au matano, nimekata chini ya jicho, nimeondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu. Macho mawili au matatu yanaingia udongoni. Juu nilifunika chupa za maji zilizokatwa kitako, nikayaweka makopo kivulini nyuma ya bweni. Kosa nililofanya ni kuvutavuta pingili kuona kama zimeshika mizizi. Usivute. Subiri wiki sita, jani jipya litakwambia. Zilishika tano.

Mawili kati ya matano niliyapanda ardhini, penye jua la asubuhi mpaka saa nane. Nikamwagilia kwenye shina, si kwenye majani, maana majani yakilala yamelowa yanapata ukungu na madoa meusi. Vidukari vilipokuja niliviosha kwa maji ya sabuni. Samadi ya mbuzi niliipata kwa fundi viatu anayefuga Mabibo. Miezi minne baadaye mmoja ukaweka tumba. Nakumbuka nilichelewa kipindi siku ile.

Wiki iliyofuata chuo kilikuwa na ugeni. Eneo lote likafyekwa. Niliporudi kutoka maktaba, miwaridi yangu yote miwili ilikuwa imelazwa chini pamoja na majani, na mahali pake wakaweka vyungu viwili vya saruji vyenye maua ya plastiki. Aliyefyeka nilimkuta bado yupo. Mzee wa watu akaniomba radhi mara tatu: "Mwanangu, mimi niliona ni mwiba tu." Na kweli, bila mtu wa kukwambia, ni mwiba tu. Nilimwambia yaishe, nikaenda kukaa kwenye kimbweta peke yangu mpaka magharibi.

Niliwaza sana jioni ile, na sikuwaza maua tu. Katika kozi yetu tunafundishwa upimaji. Tunaambiwa lengo la somo lipimike. Sawa, lazima lipimike, bila hivyo mwalimu atajuaje? Lakini nilipokwenda mazoezi ya kufundisha nilikuta watoto waliopangwa kama mawaridi ya kukata: wa sentimita 70 mbele, wa 40 nyuma. Palikuwa na kijana wa nyuma kabisa, Kidato cha Tatu, wa mwisho kwenye mtihani wangu wa kwanza. Siku ya somo la uzazi usio wa kijinsia kwenye mimea nilikuja na maua mawili, moja la dukani na moja nililochuma kwenye kopo langu. Nikawafunga macho wanafunzi kwa vitambaa, wanuse, waniambie tofauti. Wengi walicheka. Yule kijana akanusa la kwanza akasema, "Mwalimu, hili mbona halina kitu?" Akanusa la pili akanyamaza kidogo. "Hili lipo kwa nyanya yangu. Anapandaga kwa kukata fimbo, anachomeka chini ya mgomba kwa sababu pana unyevu na kivuli."

Alikuwa amenimalizia somo. Alijua uzazi wa pingili kuliko kitabu, ila hakujua kwamba anachokijua kinaitwa Baiolojia. Na mimi kwenye fomu yangu ya tathmini sikuwa na kisanduku cha kuandika hilo. Nikaandika pembeni kwa penseli.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na yote hayahitaji mfadhili.

Kwanza, serikali ya wanafunzi iombe kitalu kimoja tu, ukubwa wa darasa, tupande maua ya zamani: miwaridi, asumini, rihani, mkadi ukipatikana. Kiwe na kibao cha kila mmea, umetoka kwa nani na mtaa gani, ili mzee wa kufyeka ajue huo si mwiba. Mahafali yakifika, wanaohitimu wachume humo. Mtu akitaka la nailoni getini, ruksa, biashara ni biashara.

Pili, wewe unayerudi nyumbani likizo, kabla ya kumuuliza bibi kuhusu shamba na hati, muulize kuhusu kile kichaka cha uani. Alikipata kwa nani? Kinachanua lini? Anakitumiaje? Kisha ukate pingili, kwa ruhusa. Huko Texas wapo watu wanaozunguka kwenye mahame na makaburi ya zamani kutafuta miwaridi iliyosahaulika, wakate pingili na kuigawa. Bermuda wana mawaridi mengi ambayo majina yake yalipotea, nao wameyapa majina ya pale yalipokutwa. Moja wanaliita 'Smith's Parish', kwa sababu lilikutwa katika parokia hiyo. Hawakusubiri mtaalamu aje kuwapa ruhusa ya kulipenda.

Tatu, sisi walimu watarajiwa tuache kuingia darasani kama vile maarifa yote tumeyabeba kwenye begi letu. Yule kijana alikuwa nayo tayari, yalikuwa chini ya mgomba kwa nyanya yake. Sikuyakuta kwa ufundi wa kufundisha. Niliyakuta kwa sababu siku hiyo, kwa bahati tu, nilileta kitu chenye harufu.

Ngamiani nilipita mwezi wa saba. Fremu zimeisha, ziko sita, moja inauza vocha na nyingine ni saluni. Kisima kimefukiwa. Pale ulipokuwa mwaridi pana jenereta. Sikulia wala nini, nilinunua vocha nikaondoka.

Miche mitatu iliyobaki mimi nimeiita Waridi la Ngamiani, kwa utaratibu ule ule wa Bermuda. Iko dirishani kwetu, bweni la pili, ghorofa ya kwanza, ukipita asubuhi na mapema utaisikia kabla hujaiona. Nimeacha kusema kwamba ni dawa. Masika yakianza nitaipunguza matawi, na kila mche unaweza kutoa pingili nne au tano. Nitazigawa bure. Njoo na kopo lako lililotobolewa chini, na kama una bibi, njoo na jina la mtaa wake.